Dua Chini ya Makuti

Mchukwi, Kibiti
Mei 2025

Mdogo wangu Abdulazizi,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, na baridi ya huko haijakukaa kifuani, maana tangu utotoni ukipigwa na upepo kidogo tu unakohoa wiki nzima. Mama anakusalimu sana. Wanangu nao wanakusalimu, na Nasma kila akiona basi limesimama barabarani anauliza kama mjomba ameshuka. Sisi huku afya zetu ni za kujikongoja. Masika haya hayakutupa nafasi ya kukauka, na mengine utayajua kadiri unavyosoma. Soma taratibu, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Najua utashangaa kuletewa karatasi zama hizi. Ningefanyaje? Namba yako haipatikani tangu ile Ijumaa, na kila anayejaribu anajibiwa na yule mwanamke wa mtandao. Barua inakuja na Mwalimu Gharibu, jirani yetu, anayekuja huko kwenye semina. Kwa kuwa hatujui unakoishi, nimemwambia akufuate kazini. Jina la duka na mtaa wake tumevipata kwako mwenyewe, kwenye ile sauti uliyotuma kwa simu Ijumaa hiyo.

Najua ulikusudia kuituma kwenye kundi la kazini. Ulipogundua umeituma kwenye kundi la familia ulijitoa hapo hapo, nikaona jina lako likiondoka wakati sauti yako bado inasema. Kwa hiyo hujui yaliyofuata. Nimekaa kukusimulia, na nina hasira nawe, nisikufiche, ingawa hasira yenyewe siku hizi imechoka.

Unaikumbuka desturi yetu ya Ijumaa. Wazee wakitoka kuswali hupitia kwa baba kunywa kahawa, na salamu zako za wiki husikilizwa kwa spika ile ndogo uliyotuletea, kwa sababu masikio ya baba yamekuwa mazito na Mzee Mtoro naye anapenda kusikia mtoto wa mwenzake anavyoendelea. Siku hiyo sauti yako iliingia saa ile ile ya kila Ijumaa. Mimi ndiye niliyebonyeza. Sikusikiliza kwanza, na kwa nini nisikilize, wakati miaka yote hii unachosema ni kutuombea heri na kumuuliza mama miguu yake?

Ulianza kwa kuwakaribisha wateja wanaonunua kwa mara ya kwanza kwenye mauzo yenu ya mtandaoni, yale yanayofanyika mara moja kwa mwaka kabla ya Pasaka. Baba akatabasamu. Wewe ulituambia umeajiriwa na kampuni ya vinywaji, nasi tukajua ni soda na juisi. Ukasema mtu asibabaishwe na bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu, kwanza ajiulize atakula chakula gani siku hiyo. Ukasema asikimbilie katoni nzima, achukue chupa chache za aina mbalimbali aujue ulimi wake. Asome mwaka ulioandikwa. Asikubali mzigo usafirishwe juani mchana, kwa kuwa joto huua kinywaji ndani ya gari. Ukifika, aulaze mahali penye giza na ubaridi, aache utulie kabla ya kufungua chochote, na akionja akakuta uchachu wa siki asione haya kurudisha.

Abdu, wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuafiki. Mzee Mtoro alisema laiti na sisi tungepata mtu wa kutuelekeza hivyo tunaponunua dawa ya mikorosho, tusingekuwa tunauziwa unga wa muhogo. Bi Ashura, aliyekuja kuomba moto, alisimama na kijinga chake akauliza ni kinywaji gani hicho cha kulazwa kama mgonjwa. Watu wakacheka. Nami nilicheka. Kisha ukataja mvinyo. Ukautaja mwekundu unaokwenda na nyama na mweupe unaokwenda na samaki, ukaeleza kwa nini kizibo kisiachwe kikauke, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukimsomea baba Kurani.

Nilishika simu nizime. Baba akanyoosha mkono kunizuia. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka jina la duka na mtaa, na wazee nao wakalazimika kusikiliza pamoja naye wakiwa wanatazama vikombe vyao. Ilipokwisha alisema neno moja tu, kwamba kijana anazungumza vizuri. Wenzake wakaaga mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka kazi aliyoiacha shambani. Bi Ashura aliondoka na kijinga kimeshazimika.

Alasiri ya siku hiyo baba hakwenda kuadhini kama ilivyo desturi yake. Utasikia kutoka kwa watu kwamba msikiti ulimwondoa. Usiwasadiki. Hakuna aliyemwambia neno. Yeye mwenyewe alimwomba Mzee Saadi ashike nafasi yake, akasema atarudi mambo yake yakikaa sawa.

Kesho yake alihamia kwenye nyumba ya zamani. Ile ya makuti, tunayowekea kuni na korosho. Alibeba kitanda chake cha kamba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akakipenyeza katikati ya magunia. Kanzu uliyomletea Idi aliikunja akampa mama, akarudi kwenye ile yenye kiraka. Mchele wako hakuugusa tena. Akawa anachimba muhogo shambani kwake, anachemsha, anakula na chumvi. Mama alilia, alimbembeleza, alimnunia, yote hayakusaidia. Nyumba ya bati uliyotujengea iko hatua chache tu, nasi tumelala humo wakavu, tukimsikia akikohoa kule ng'ambo ya uwanja.

Unajua makuti yale yalivyo. Hayakuezekwa upya tangu ulipojenga, nani angehangaika nayo? Mvua ikawa inamvujia. Twalibu, mume wangu, alipanda na turubai, baba akamuuliza turubai limetoka wapi, na alipojua ni lile ulilotuletea wewe akamwambia alishushe. Kijiji kizima kikasema Mzee Mwinyimvua amemkana mwanawe. Nami nilisema hivyo, Abdu. Nilimwendea nikamwambia kwa ukali kwamba kumkataa mtoto ni haki yake, ila asituue sisi kwa uchungu wa kumtazama akilowa. Aliniomba tu nimsogezee ndoo ya maji ya udhu.

Homa ilipompanda tulimpeleka hospitali. Kabla hajakubali sindano alitaka kujua imelipwa na nani. Nikamwambia nimeuza mbuzi wangu, na ni kweli nimemuuza. Ndipo akatoa mkono.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Nilikuwa nakaa naye wodini. Siku ya tatu kifua kilimwachia kidogo, akawa anaongea. Nilimwambia baba, basi msamehe Abdu, urudi kwenye nyumba yako. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo asilolijua. Akaniuliza nani kasema amekukasirikia. Akasema tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba mtu anaweza kuinua mikono mpaka ikachoka, lakini ikiwa chakula chake na nguo yake ni vya haramu, dua yake haiendi popote. Akasema ile Ijumaa alipokusikia alitaka kukuombea, akakumbuka kwamba bati lililo juu ya kichwa chake limetoka kwenye chupa zile, kanzu imetoka huko, na wali ulio tumboni umetoka huko. Angekuombeaje? Kwa hiyo alitoka. Alikwenda kukaa chini ya kitu alichokisuka kwa mikono yake, akala alichokilima, ili dua anayokuombea isizuiliwe.

Wiki zote zile tulizodhani amekukana, Abdu, alikuwa anakuombea.

Nilimuuliza anaomba nini. Nilidhani atasema uache kazi ile. Pengine aliliomba na hilo, sijui, mimi nakwambia nilichosikia. Alisema anaomba uje umtazame kabla hajafa. Akaniuliza kama nimekupata kwenye simu. Nikamwambia mtandao unasumbua kwa sababu ya mvua.

Alifariki Jumanne alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Waliokuwa wakinywa kahawa kwake walikuja wote, na Mzee Mtoro ndiye aliyelia kuliko sisi. Kumpokea kaburini, mahali pako, alishuka Twalibu. Watu walingoja kidogo kabla hajashuka, kila mmoja akitazama upande wa barabara, ingawa wote tulijua huna habari.

Sikukuandikia haya nikukomoe. Kuna saa nataka nikukomoe, kisha nakumbuka ulivyokuwa ukitutumia kila ulichopata, na kwamba chini ya bati lako mama amelala mkavu. Sheikh amenieleza kwamba dua ya mzazi haipotei, huenda ikacheleweshwa tu. Mimi si mwanachuoni. Ninachojua ni kwamba baba alitoka kwenye nyumba yake akalowa ili aombe jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa uje. Wewe u hai, na mabasi yapo.

Mama yumo edani, hatoki. Amenituma nikwambie hana la kukulaumu, na kwamba kitanda cha kamba bado kiko kule kwenye makuti, hajaruhusu mtu akiondoe. Arubaini bado haijafika, siku yenyewe Mwalimu Gharibu anaijua. Bi Ashura na Mzee Mtoro wanakusalimu. Twalibu anakusalimu, anasema atakuja kukupokea stendi ya Kibiti siku yoyote utakayomtajia.

Nakutakia safari njema. Sisemi kwa heri.

Dada yako,
Mwanahawa binti Mwinyimvua