Ushindi wa Kyalo Nisiouelewa

Buruburu, Jumapili jioni

Dada Mueni mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Nairobi. Uliniagiza nitazame mashindano ya baiskeli ya vijana, kwa kuwa mwanao Kyalo asiposhinda, baiskeli itarudi Machakos. Nimetazama kwa makini, na sijui nikujibu nini.

Kwenye vilima vya Barabara ya Kangundo, Kyalo alitangulia karibu muda wote, akiwakinga wenzake na upepo. Kila kijana wa timu pinzani ya Makongeni alipochomoka mbele, ni yeye aliyemfukuza. Kilipobaki kilima kimoja, akajitoa kando. Otieno, mwenzake wa timu, akampita na kutwaa kombe. Kyalo alifika nyuma sana, akicheka.

“Umeshindwa,” nikamwambia.

“Anko, wacha hizo! Tumeshinda. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha Otieno kilima cha mwisho akiwa na nguvu.”

Nilidhani anajitetea, lakini Otieno mwenyewe akaja, akamkabidhi kombe. “Shika, mzee. Bila wewe ningeishia njiani, pale Njiru.”

Kwa hesabu ya kawaida, mwanao hakushinda. Hata hivyo, aliyemshinda ndiye anayemshukuru, na jambo hilo sijalipatia kanuni. Tafadhali, dada, baiskeli ibaki hapa mpaka nielewe. Nakutakia afya, na mvua ya kutosha shambani.

Kaka yako,
Musyoka