Chapa Ubavuni mwa Ndege

S.L.P. 318,
Kitengela.
21 Juni 1998

Mpendwa dada Resian,

Takwenya! Najua umejibu "Iko" kwa sauti hapo Leicester na Wazungu wamegeuka kukuangalia. Habari ya kazi ya hospitali? Na ule mgongo wako, baridi imeuachilia? Sisi huku ni wazima. Nyasi ya El Nino bado iko mpaka magotini, ng'ombe wamenona, na mbuzi wako wawili sasa ni watano. Mke wangu Nalotuesha alishikwa na homa mwezi uliopita, lakini ameshapona na ananigombeza kama kawaida.

Barua yako ya Aprili ilifika. Umesema yale maneno ya siku ya kuagwa bado yanakukosesha raha, na umeniuliza kama baba bado amenuna, uje Desemba au ukae huko huko. Dada, keti chini. Uniwie radhi kwa mwandiko, naandika mbio kwa furaha.

Nimetengeneza ndege!

Si ya kupanda, wacha kucheka. Ni mfano wa mbao, kumi kwa moja: penye futi kumi kwa ndege yenyewe, yangu iko na futi moja. Mabawa yamepita futi tatu na nusu, hata mlango wa karakana ilibidi niipitishe kiupande.

Ni ile ndege ya baba. Ile iliyotua Kisaju mwaka wa mafuriko, 1961, yeyo, marehemu mama yetu, akiwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili na barabara imekatika, ikambeba mpaka hospitali Nairobi ukazaliwa wewe. Ile hadithi tuliyoichoka tukiwa watoto. Ile uliyomuulizia mbele ya wageni siku ya kuagwa: "Baba, hiyo ndege yako iliruka kutoka chupa gani?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka, sikufichi. Kesho yake tulikusindikiza uwanja wa ndege bila baba, akasema anatibu ndama. Hakukuwa na ndama mgonjwa.

Miaka minne baba hakuitaja tena. Halafu El Nino ikaja, barabara ya Isinya ikakatika, na siku moja nikamkuta amesimama mlangoni anaangalia maji. Akasema, wala hakuwa anamwambia mtu, "Leo hata ile ndege ingekosa pa kutua." Woi, dada, nilisikia aibu! Nikajiambia, kama mdomo umeshindwa kuomba msamaha, niko na msumeno na randa.

Nyuma ya karakana yangu amehamia mzee mmoja Mkamba, Ndambuki, aliyetengeneza injini za ndege pale uwanja wa Wilson miaka thelathini, sasa anafuga kuku. Nikawakutanisha. Baba akasema mabawa yalikuwa juu ya paa, na ikiwa chini ilikaa kama fisi, mbele juu, nyuma chini. Ndambuki akagonga meza: "Hiyo ni Cessna ya zamani, ile ya gurudumu dogo kwa mkia!" Akanitafutia picha na vipimo. Mimi bado nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu ndege ya namna hiyo mtu anaweza kuiona popote.

Nilifanya kazi miezi minne. Mwili ni mti wa mutarakwa, madirisha ni chupa ya soda, magurudumu nimekata kwa slipa zangu, na vile vyuma vya kushikilia mabawa ni vya mwavuli. Propela nimechonga mara tatu. Ya kwanza ilipasuka, ya pili Nalotuesha alikorogea uji akidhani ni mwiko.

Ilipokauka rangi nikamwita baba. Akaizunguka kama mtu anayenunua fahali mnadani. Akagusa gurudumu, akatabasamu. Akagonga bawa kwa kidole, akatabasamu. Akafika ubavuni, pale nilipoandika herufi za usajili, zile za kuanza na 5Y, kama ilivyo kwa picha, na kama ndege zote za Kenya tunazoziona, akarudi nyuma hatua moja.

"Koinet, hii ni ng'ombe ya mtu mwingine."

"Kwa nini, baba?"

"Chapa si yake."

Unajua baba hajui a wala be. Lakini unajua pia kwamba akiona chapa ya ng'ombe mara moja, ameishika. Akachukua fimbo akachora kwa vumbi la mbao: pembe mbili, rungu, kamstari kamelala, mti wenye panda, duara, ndoano. Akaniambia siku ile aliikazia macho chapa hiyo kwa sababu ndege ilikuwa inaondoka na mke wake, na isipomrudisha alitaka kujua ataenda kumdai nani.

Nikasoma sakafuni: VP-KOJ. Nikaona mzee amechanganyikiwa sasa, ndege gani ya Kenya inaitwa VP? Nikanakili kwa karatasi nikampelekea Ndambuki, tucheke kidogo.

Hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Nani amekuandikia hii?"

"Baba."

"Baba yako amesoma?"

"Hata siku moja."

Ndipo akaniambia: kabla ya Uhuru ndege zote za Kenya zilianza na VP-K. Hiyo 5Y ilikuja baadaye, na wanaokumbuka ni watu wa kazi yake tu.

Resian, nywele zilinisimama! Ndege ilikuwa pale. Baba alikuwa pale. Yeyo alikuwa ndani yake, na wewe ndani ya yeyo. Nililia mbele ya kuku wa watu, na sioni haya kukuambia.

Nikafuta 5Y, nikaandika chapa yenyewe. Ndambuki alikuja mwenyewe kumwambia baba kwamba ni ya kweli. Nilidhani mzee ataruka. Akasema tu, "Si nilisema," akaitisha chai. Lakini Jumapili aliibeba mwenyewe mpaka kanisani Kisaju, na ibada ikachelewa nusu saa kwa sababu hata pasta alitaka kuzungusha propela.

Nalotuesha anakusalimu, na watoto pia. Celine wa dukani anauliza kama umeolewa. Ndambuki hamjuani, lakini anamsalimu abiria wa VP-KOJ.

La baba nimekuwekea mwisho. Nilimsomea barua yako yote. Akapangusa bawa kwa shuka, kisha akaniambia niandike hivi hivi: "Ile ndege ya kwanza niliishika chapa, ikakurudisha. Hii ya pili niliiacha iende bila kuiangalia, ndiyo maana umekawia."

Kwa hivyo tuma tarehe. Desemba baba anakuja uwanja wa ndege, hataki kusikia mambo ya ndama. Ameniuliza kama watamruhusu kusimama karibu, aione chapa ya hiyo ndege kabla hujashuka.

Enkai ikushike mkono mpaka mlangoni kwetu.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, vidole vyote vina gundi,

Koinet