Tembe za Tosha

Karurumo, 4 Machi 2024

Linda binti yangu,

Meru mko aje, na kazi? Mimi ni mzima isipokuwa masikio. Simu siisikii tena, ndiyo maana naandika.

Tosha ndiye mgonjwa. Anamaliza karai la maji kabla ya saa nne, anakojoa mlangoni, anaiba hata chakula cha kuku. Tumbo limefura na mgongo hauna manyoya. Zile tembe za kujikuna ulizotuma Septemba nampa kila siku, zimebaki nne. Jirani yangu Gikunda anasema nimwite mtu amdunge alale moja kwa moja. Lakini tangu mama yako atuache, huyu mbwa ndiye ninayeongea naye.

Baba yako

Meru, 9 Machi

Baba mpendwa,

Pole sana, na masikio pia. Barua yako nilimpelekea daktari wa mifugo hapa, Aminah. Akauliza, "Hizo tembe nani alimwandikia?" Nikasema nilinunua tu dukani.

Baba, ni steroidi, dawa za homoni. Zikitumika muda mrefu huleta ugonjwa wa Cushing: homoni inazidi mwilini, ndiyo hiyo kiu na hilo tumbo. Lakini usiziache ghafla! Mwili wake umesahau kujitengenezea homoni hiyo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo Runyenjes, zipunguzwe polepole.

Niliahidi kuja Septemba, nikatuma dawa. Nisamehe.

Mtoto wako, Linda

Karurumo, 19 Machi

Linda wangu,

Natumaini wewe unalala. Barua ilinikuta tembe zimeisha siku tano. Tosha alikuwa anatapika, miguu haimshiki. Nilimpakata kwenye boda boda hadi Runyenjes. Daktari Njura akamwekea maji ya mshipa, akasoma barua yako, akasema, "Mzee, huyu msichana amemwokoa mbwa wako." Damu ilipimwa, ni hiyo Cushing. Sasa anapewa nusu tembe, halafu tutaruka siku. Itachukua miezi.

Niandikie.

Baba yako

Karurumo, 30 Mei

Linda,

Uko mzima kweli? Miezi miwili sijapata neno lako.

Nami nina kosa. Tumbo niliona likikua tangu Novemba, nikakuficha, nikiogopa utaniambia niachane naye. Kwa hivyo tuko wawili.

Kiu imepungua. Manyoya yanaota mgongoni, laini kama ya mtoto. Jana alimfukuza Gikunda hadi barabarani, na Gikunda mwenyewe akacheka. Tumebakisha robo tembe, kila siku ya tatu.

Baba yako

Meru, 3 Juni

Baba,

Niko mzima. Nilikuwa na aibu tu. Kila nikishika kalamu naona ule mgongo wa Tosha.

Nimepewa ruhusa ya wiki nzima. Ijumaa saa nane nitashuka hapo Karurumo. Wiki hiyo tembe nitampa mimi. Wewe unionyeshe tu ni siku zipi.

Mtoto wako, Linda