CD za Matanga Kwenye Shamba la Mtama

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, na sasa saa tisa mawingu meusi yamejikusanya upande wa msitu. Mvua ya mawe ikishuka, mtama wangu umekwisha. Lakini leo si mtama unaonitia hofu.

Wanaonisoma hapa wanajua nilivyokuwa nikiwacheka watu wanaotunza makasha ya CD kabatini na kuyafunika vitambaa vya kufuma. Niliandika, tena kwa madaha, kwamba mimi sina tena kitu cha kufuta vumbi. Nyimbo ziko kwenye simu, filamu ziko kwenye simu, mama yangu mzazi yuko kwenye simu. Nikaona nimeendelea.

Mama alifariki miaka sita iliyopita. Hapa kwetu Malinya, siku ya tatu baada ya mazishi, watu wa boma hunyolewa nywele, wazee huketi, na mambo ya boma husemwa waziwazi ili kesho mtu asije akageuka. Baba alikuwa amemlipa mpiga video kwa mazishi, naye akabaki hadi siku hiyo ya kunyoa. Ndipo baba aliposimama na maikrofoni, akaonyesha kwa mkono kipande cha chini cha shamba kinachopakana na mto, akasema mbele ya wote kwamba ni changu, niwe nimeolewa au sijaolewa. Sijaolewa. Nina miaka arobaini na moja.

Mpiga video alitupa CD mbili. Kama wafanyavyo wote, alikuwa ametandika wimbo wa kwaya chini ya kila kitu, mwanzo hadi mwisho, hata chini ya hotuba. Wakati ule niliona umependeza.

Baadaye niliipandisha video hiyo mtandaoni kwa laptop yangu ya zamani, ile iliyokuwa na mdomo wa kumeza CD. Ndugu walioko mbali wakaitazama, wakalia, wakaandika pole. Nikafuta nakala ya kwenye laptop, maana ilikuwa inakula nafasi. Baba akafa mwaka jana. Msimu huu, ndege walipoanza kunimaliza, nikatoboa CD zote za nyumbani, nikazifunga kwa kamba za katani kwenye vijiti shambani. Zilikuwa kama thelathini hivi. Zikizunguka na jua, ndege hawasogei.

Zile mbili za matanga nilizifunga pembeni, karibu na mpera. Nilikumbuka ni zipi kwa sababu mpiga video aliziandika kwa kalamu nyekundu. Nilisita kidogo, sitadanganya. Kisha nikajiambia, si iko mtandaoni?

Jumapili baba mdogo alinitembelea baada ya kanisa. Ndiye ndugu pekee wa baba aliyebaki. Huniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, na tangu utotoni jina hilo kinywani mwake limekuwa likinilegeza. Nikamchinjia ingokho, kuku wa mgeni. Akala vizuri, akanawa, ndipo akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Mama, ile CD ya matanga bado uko nayo?"

Nikacheka. Nikamwambia zote mbili ziko pale kwa mpera, zinafukuza ndege. Nikasimama mlangoni nikamwonyesha kwa kidole.

"Na ndege wanaogopanga kweli?" akauliza.

Nikamwambia wanaogopa sana.

Ulimi uliponza kichwa. Nimeusema msemo huu kwa wengine mara ngapi?

Jumatatu usiku nikapata habari kupitia kwa shangazi kwamba baba mdogo ameita wazee Jumamosi, tukae tuangalie mipaka upya. Kuna watu wa kuchimba dhahabu wameonekana huko mtoni wiki mbili hizi, wakipima kwa hatua na kuchoma vijiti ardhini. Mimi nilidhani wamepotea njia. Sikuogopa hata hivyo. Nikafungua simu niitazame ile video, nimsikie baba, nipate nguvu.

Baba akasimama, akashika maikrofoni, akafungua mdomo.

Hakukuwa na sauti.

Nikaongeza sauti hadi mwisho. Nikabadilisha simu. Nikasugua skrini kwa kanga, utadhani baba amezibwa na vumbi. Mwishowe nikasoma maandishi madogo chini yake: sauti imeondolewa kwa sababu ya wimbo wenye hakimiliki ya mwenyewe. Walikuwa wameniandikia barua pepe tangu mwezi uliopita. Iko pale katikati ya matangazo ya viatu, sijaifungua.

Kwa hiyo kwaya imeondoka na baba yangu.

Nikampigia mpiga video. Akaniambia kwa upole kwamba yeye hufuta baada ya mwaka mmoja. Mzee aliyeongoza kikao kile tulishamzika. Shangazi anasema yeye alikuwa jikoni. Jirani wawili niliowauliza wanakumbuka fahali aliyechinjwa, wanakumbuka hata rangi yake, lakini maneno ya baba hawayakumbuki vizuri. Mmoja alisema hivyo akitazama miguu yake.

Jana nilirudi kutoka kazini mvua ikinyesha, sikuingia shambani. Leo nimeomba ruhusa, nikaenda asubuhi kuzifungua zile mbili. CD za nyimbo zipo. CD za filamu zipo, zinazunguka na kung'aa. Kwenye vile vijiti viwili karibu na mpera zimebaki kamba tupu. Nikazishika. Upepo ungezichana, na ng'ombe angezitafuna. Hizi zimekatwa kwa kisu.

Na ndege walikuwa wameshuka upande ule, wanakula.

Nimelia, niseme ukweli. Sikulilia shamba kwanza. Nililia kwa kuwa nilikuwa na sauti ya baba mkononi, nikaitoboa tundu mimi mwenyewe, nikaipa kazi ya kufukuza ndege.

Sasa hivi nikiandika, simu imelia. Ni ujumbe wa baba mdogo: "Mama, Jumamosi ukuje na ile video yako ya kwa simu, wazee waone." Hajawahi kuniomba video hiyo. Bila shaka ameshaitazama na anajua ni bubu.

Nimeirudia tena, safari hii bila kumtazama baba. Nimewatazama walio nyuma yake. Baba anamaliza kusema, anashusha mkono. Kisha baba mdogo anasimama, anachukua maikrofoni, anazungumza kwa muda mfupi, na watu wote wanapiga makofi. Ndiye aliyejibu kwa niaba ya ukoo, akakubali. Nilikuwa nimesahau.

Naogopa, lakini nitaenda. Nitaiweka simu mezani mbele ya wazee, nitaiacha icheze kimya, na mdomo wa baba mdogo utakapofunguka nitaisimamisha. Nitamuuliza kwa heshima, mbele ya wote.

Baba mdogo, hapa ulikuwa unasema nini?