Wana wa Jan na Mdogo Wangu

Cato Manor, Durban

Mama yangu mpenzi,

Magoti yanaendeleaje na baridi ya Bukavu? Unakula, ama unasukuma sahani tangu uliposikia habari ya Bahati? Mimi mwili iko salama. Moyo ndio hapana.

Mama, bado hawajanipa maiti yake. Kwenye simu nilisema ni mambo ya karatasi tu, sikutaka ulie sokoni. Ukweli ni huu: siku tulipoingia nchi hii walituuliza jina la ukoo, na kila mmoja akataja lake, lile ulilompa alipozaliwa. Mimi Nabintu, yeye Mugisho. Nani kwetu anabeba jina moja na ndugu yake? Sasa yule mama wa chumba cha maiti anatazama karatasi zetu mbili na kusema, "Dada, huyu si mtu wako." Nikamwonyesha picha yetu na wewe. Akanirudishia polepole, kwa huruma hata, akaita mtu mwingine kwenye foleni.

Kazini, pale makumbusho ya meli ninapopiga deki, iko ubao wa majina ya mabaharia Waholanzi waliozama enzi za meli za matanga. Nusu yao wanaitwa mwana wa Jan. Mzee anayetembeza wageni alinieleza kwamba hawakuwa ndugu. Kila mtu alibeba jina la baba yake, na akina Jan walijaa kila kijiji. Juzi mzungu mmoja akashika ubao, akalia, akasema Pieter mwana wa Jan ni babu yake wa kale. Iko akina Pieter watatu pale, Mama. Hakuna aliyemwomba karatasi. Nilisimama na ndoo yangu nikamchukia, kisha nikamhurumia, kisha nikachoka tu.

Najua ofisi ya mtaa huko imefungwa tangu vita, kwa hiyo sikuombi cheti cha kuzaliwa. Mchungaji wetu amejaribu kutushuhudia kwamba ni ndugu, wamemkatalia. Ijumaa serikali itamzika pamoja na wale wasio na watu. Eish, Bahati wetu, asiye na watu. Nitakwenda. Wakinizuia kwenye geti la makaburi, nitamwimbia nikiwa nje.

Msalimie shangazi Mapendo aliyemlea, asinilaumu. Na Baba Mdogo, mwambie taratibu aache kupiga simu ya Bahati. Iko kwangu, mezani. Naliona jina la Baba Mdogo likiwaka, na sijui nimjibu nini.

Mtoto wako, dada yake Bahati,
Furaha