Fomu ya Tamira Iliyomo Mkobani

Kosa linalofanywa na wazazi wengi wa Baltimore kila msimu huu ni kumchagulia mtoto jina la shule badala ya kazi inayofanyika ndani yake. Mji wetu una mazoea hayo. Watu wazima wawili wakikutana kwa kinyozi, swali la kwanza ni "Ulisoma sekondari ipi?", na jibu lako hawalisahau. Barua ya wiki hii imeandikwa na bibi aliyeogopa swali hilo.

*

Kwako Mzee Lattimore, nimekusoma miaka mingi bila kudhani kwamba siku moja ningekuandikia, lakini nimefanya jambo na sijui nilirekebishe vipi.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na tatu, namlea mjukuu wangu Tamira, yuko darasa la nane, mwalimu wake wa hesabu anasema kichwa chake ni chepesi, na kama ujuavyo mwezi huu kila mtoto wa darasa la nane anapanga kwenye fomu shule tano za sekondari, anayoitaka zaidi juu, na Tamira juu kabisa aliandika ile shule ya ufundi iliyo nyuma ya stesheni, kwa sababu anataka kusomea mitambo ya kupasha joto na kupoza majengo. Yote yalianza baridi iliyopita, boila ya shule yao ilipokufa watoto wakakaa madarasani na makoti siku tatu, akaja fundi mwanamke, akamwacha Tamira amshikie tochi, na tangu hapo nyumbani kwangu hakuna chombo kinachopumzika. Kile chuma cha kupashia joto sebuleni kilichokuwa kikigonga tangu mume wangu yuko hai, yeye alikitoa hewa kikanyamaza, na juzi jikoni ananiambia, "Bibi, friji haitengenezi baridi. Inalitoa joto nje tu. Weka mkono hapa nyuma uone."

Sasa Jumapili baada ya ibada Dada Ernestine akaniuliza mbele ya wenzake, "Verlene, Tamira mmemwandikia wapi?" Nikasema bado tunafikiria. Akasema, "Wangu tumemwandikia ile kubwa, waliyosoma majaji. Huyo wako na akili zote zile, shauri yenu, mtamkuta anatambaa chini ya nyumba za watu na spana mdomoni." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, na hilo ndilo linaloniuma. Jumatatu nikaomba fomu nyingine shuleni, nikaandika ile kubwa juu, ile ya ufundi nikaiacha kabisa, nikasaini, bahasha yenye fomu zote mbili iko mkobani mwangu, na Tamira aliponiuliza, "Bibi, fomu yangu umeifikisha?" nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Usinidhanie mjinga, Mzee. Mwaka wa 1976 nilitaka kuwa mfamasia, lakini bwana mmoja ofisini, aliyekuwa akitupangia masomo, aliniangalia ngozi na viatu, akakata kemia kwenye karatasi yangu akaandika ushonaji, akasema wasichana wa mtaa wetu watahitaji sindano zaidi. Niliapa hakuna mtoto wangu atakayeingizwa karakana. Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi. Niipeleke ipi?

Verlene, Baltimore Magharibi

*

Dada Verlene,

Nianze na yule bwana wa 1976, maana bila yeye barua yako haieleweki. Alikukosea, wala si wewe peke yako. Nilifundisha fizikia katika shule za mji huu miaka thelathini na moja, na nilipoanza kazi bado niliwakuta wenzake ofisini. Watoto weusi wenye akili walipelekwa karakana kama mizigo inavyopelekwa ghalani. Hofu yako ina sababu, na asikucheke mtu.

Lakini tazama vizuri kosa lake lilikuwa wapi. Ushonaji haukuwa na ubaya, mama yangu alitulea kwa cherehani. Ubaya ulikuwa kwamba alishika kalamu akabadilisha ulichokitaka bila kukuuliza. Sasa niambie, Jumatatu wewe umefanya nini? Tena yeye alikukatia kemia mbele ya macho yako. Wewe umemwambia mtoto umeifikisha.

Lingine nikueleze taratibu. Karakana ya siku zile ilikuwa ukuta, aliyeingizwa humo hakupata njia ya kwenda chuo. Shule ya ufundi iliyo nzuri leo inamfundisha mtoto hesabu, kemia na fizikia kama wenzake wote, na juu ya hayo anatoka na cheti cha kazi. Wanafunzi wangu wawili wa mitambo ya joto walikwenda chuo kikuu kusomea uhandisi. Wa tatu hakwenda, na ndiye ninayempigia simu nyumba yangu ikipoa. Mtoto aliyekwishaelewa kwamba friji inatoa joto nje ameshika fizikia ambayo mimi nilihitaji wiki mbili kuwaingizia watu vichwani.

Nasema iliyo nzuri, kwa sababu zipo mbovu pia. Kwa hiyo kabla ya mwisho wa mwezi nendeni wote wawili mkaione, siku ya masomo. Tazama mashine: zikiwa na vumbi, ondokeni. Muulize mwalimu wahitimu wa mwaka jana wako wapi, naye akupe majina. Uliza kama wa mitambo wanasoma kemia. Asipokujibu sawasawa, Tamira ana mistari minne mingine kwenye fomu yake, na ile shule kubwa inaweza kukaa mstari wa pili bila kumdhuru mtu.

Kuhusu Ernestine, Jumapili akikuuliza tena, mwambie ile shule ya nyuma ya stesheni, kisha nyamaza. Hapo kanisani kuna baridi kila Januari, atajua mwenyewe wa kumwita.

Tamira anaweza kukununia siku mbili tatu. Mwache anune, ni haki yake. Una muda wa kulirekebisha hili, jambo ambalo yule bwana hakukupa.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, itoe bahasha hiyo mkobani, mwambie Tamira ulichofanya, na umpe yeye kalamu.