Neno Alilolisikia Mama

Mpenzi Nyar Kuria,

Pokea salamu zangu kutoka Uingereza, huku baridi inakowafanya watu wasalimiane kwa kichwa tu, mikono haitoki mfukoni. Mimi ni mzima. Wewe je? Na binti yetu Achieng', kile kikohozi kimemwacha? Mahindi mmevuna, au viboko wamewatangulia tena?

Barua yako imefika. Unaniambia Mama ameichoma fimbo yake jikoni, hataki tena kushikwa mkono akienda ziwani, na Sabato iliyopita alisimama kanisani akapaza sauti, "Abiro neno! Abiro neno!" Watu wakaimba, nawe unanipongeza. Mke wangu, niliketi kitandani na koti mwilini nikalia.

Hukukosea kusoma. Mimi na wewe lugha yetu ni Kiswahili, maana Kijaluo bado kinakuchenga, na mimi Kikuria changu kinaishia kwenye salamu. Nikakuandikia, "Mwambie Mama nimepata neno kwa daktari kuhusu macho yake." Nilitaka kusema daktari amekubali kuzungumza nami. Ukamsomea vilevile. Lakini kwa Kijaluo, neno ni kuona, na abiro neno ni "nitaona". Mama alisikia kwamba nimempatia kuona. Sijui kwa nini halikunijia akilini wakati naandika, mimi niliyenyonya lugha hiyo.

Sasa nikwambie alichosema daktari. Unajua kazi yangu hapa ni kulisha paka wa maabara ya madaktari wa macho na kufagia vyumba vyao. Usicheke, paka hawa wanakula nyama nyingi kuliko mwalimu mkuu wetu. Mabwana hawa wanachunguza retina, ile ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Daktari mkuu alisoma karatasi ya yule daktari wa misheni aliyempima Mama, akaiweka chini polepole. Akasema, "Pole, Onyango. Retina ya mama yako imekufa, na hakuna anayejua kuifufua."

Nikamuuliza habari za kile kifaa kipya, kwa maana wanajaribu kumwonyesha kipofu mwanga kwa umeme, wakiupeleka kwenye ubongo wenyewe bila kupitia jicho. Akaniruhusu niingie siku walipomjaribu mzee mmoja. Walipowasha, mzee aliinua kidole akaonyesha hewani: hapa, na hapa. Chumba kizima kilifurahi. Nami nilifurahi, sikufichi. Baadaye nikamuuliza kama ameuona uso wa mkewe aliyekuwa ameketi mbele yake. Akasema, "Kijana, ninaona vinukta vya mwanga tu. Mke wangu namjua kwa sauti." Ni kama taa za wavuvi wa omena usiku ukiwa ufukweni kwetu: taa unaziona, mvuvi humwoni. Huenda wajukuu wa Achieng' watafaidi. Mama hatawahi.

Msalimie kaka yangu Ouma aliye Lambwe, na mama mkwe huko Migori, mwambie blanketi lake ndilo linaloniweka hai. Msalimie pia mchungaji wetu, umwombe asimkaripie Mama kwa yale aliyoyatangaza.

Sasa mwite dada yangu Auma aketi karibu na Mama, amgeuzie kwa Kijaluo kila unalosoma kuanzia hapa. Usimpunguzie hata kidogo.

Mama, ni mimi Onyango. Macho yako hayatarudi. Lile neno lilikuwa la Kiswahili, Mama, halikuwa letu. Ningeweza kukaa kimya ufurahi mwaka mwingine, lakini ungeanguka njiani ukinisubiri. Nilikubali kazi hii kwa ajili yako tu, nikidhani anayekaa karibu na moto ndiye wa kwanza kuota. Moto upo kweli, ila bado ni mdogo, na joto lake halijafika kwetu. Najua sasa unataka wote watoke. Watoke tu, ila Auma abaki nawe.

Mkataba wangu ukiisha napanda meli. Niliapa mbele yako kwamba sitarudi bila dawa, na kiapo hicho nakivunja. Nakuja mikono mitupu, Mama, na ninaogopa, kwa kuwa sijui kama utafurahi kuisikia sauti yangu mlangoni.

Mwanao,
Onyango